Ni Ngome au Ni Mashine? Kutatua Matatizo ya Castlevania Ukiwa Mombasa

Kabla hujashika bisibisi, jiulize kwanza: kinachokusumbua kiko ndani ya ngome ya Dracula au ndani ya mashine? Gemu za Castlevania, ambazo Konami ilianza kuzitoa mwaka 1986, zilikusudiwa kuwa ngumu, na sehemu ya ugumu huo inafanana kabisa na ubovu. Shujaa Simon Belmont kurushwa nyuma akiguswa na popo, picha kupepesa maadui wakizidi, gemu kukataa kusevu: yote haya hupelekwa kwa fundi kama ugonjwa, kumbe ni maumbile. Upande wa pili kuna chumvi ya bahari, joto, na stima inayopotea na kurudi bila hodi. Hizi huua mashine polepole huku mwenyewe akidhani mikono yake ndiyo mizito.

Kipimo cha haraka ni hiki. Weka kaseti nyingine. Tatizo likiondoka, shida iko kwenye kaseti ya kwanza. Likibaki, shida ni mashine, waya au TV. Lakini kama linatokea mahali palepale kila mara, kwenye ngazi ileile au mbele ya adui yuleyule, basi hilo ni la ngome. Kutu haichagui chumba.

Haiwaki kabisa

Anza ukutani. Stima yetu ni volti 240. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani imetengenezewa volti 120, ya Japani volti 100, na ukiichomeka moja kwa moja utapata harufu kabla hujapata picha. PlayStation ya kwanza ina sehemu yake ya umeme ndani ya kasha, kwa hiyo ile ya Marekani au Japani inahitaji transfoma ya kushusha volti. PSone, ile ndogo ya mviringo, hutumia adapta ya nje ya volti 7.5, na hapo kubadilisha adapta kunatosha.

Adapta ya hatari ni ile inayoingia vizuri mahali isipostahili. Ya NES, mashine ya gemu ya Nintendo, ya Marekani hutoa umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo) wa volti 9. Famicom, ndugu yake wa Japani, inataka DC (unaokwenda upande mmoja), hasi katikati na chanya nje. Plagi inakaa sawasawa, kisha Famicom inaungua. Zile mashine za kuiga Famicom ambazo wengi wetu tulikulia nazo nazo hutaka DC. Soma maandishi yaliyo chini ya mashine, usome na yale ya adapta. Yakiwa yamefutika, mwombe fundi apime kwanza kwa mita, usijaribu kwa kubahatisha.

Taa inawaka, inazima, inawaka

Hii ni dalili ya NES asilia, ile inayomeza kaseti kwa mbele. Ndani yake kuna chipu ya ulinzi inayosemezana na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Mazungumzo yakikatika, mashine hujianzisha upya kila baada ya sekunde moja hivi, na ndiyo maana taa hupepesa kwa mpigo uleule. Watu husema imekufa. Haijafa, meno 72 ya soketi hayashikani na meno ya kaseti.

Kwetu mshukiwa wa kwanza ni chumvi. Ukikaa Likoni, Nyali au Mji wa Kale karibu na maji, upepo wa kusi huingiza unyevu wa chumvi mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Meno yaliyokuwa yaking'aa huwa meusi, halafu huota ukijani. Juu ya hayo sisi tunapuliza. Sijui nani alitufundisha, maana watoto wa dunia nzima wanapuliza. Kupuliza huonekana kama dawa kwa sababu umeichomoa kaseti na kuirudisha, na msuguano wa kuingia ndio uliokwangua uchafu kidogo. Pumzi yenyewe imeacha mate menoni, na mate pamoja na chumvi ni chakula cha kutu. Acha kupuliza.

Safisha hivi. Nunua vijiti vya pamba na isopropili. Ukipata ya asilimia 90 au zaidi ni bora, kwa kuwa hukauka haraka. Spiriti ya kawaida ya duka la dawa ina maji zaidi, lakini inafaa mradi uwe na subira ya kuiacha ikauke. Lowesha kijiti, sugua meno kwa kufuata urefu wake, pande zote mbili, ubadilishe kijiti mpaka kitoke cheupe. Kwa weusi uliong'ang'ania tumia kifutio cha penseli kwa mkono mwepesi, kisha pitisha isopropili tena kuondoa makombo. Msasa usiuguse kabisa. Ile rangi ya dhahabu ni utando mwembamba, na ukishaukwangua umeifungulia kutu mlango.

Ukitaka kufungua kaseti ya NES yenye skrubu za ajabu, omba bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Huna? Usibanue plastiki. Kijiti cha pamba kinafika menoni bila kufungua chochote.

Halafu hifadhi vizuri: chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, na ndani yake vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Wakati wa masika vikague, maana vikishashiba havinyonyi tena.

Skrini ina rangi moja tupu, au vipande vya picha vimevurugana

Mashine za kuiga hutumia kaseti za meno 60 za mtindo wa Famicom na hazina ile chipu ya ulinzi. Kwa hiyo meno yakiwa machafu taa haipepesi; unapata skrini ya kijivu au fujo la herufi na matofali. Dawa ni ileile ya hapo juu.

Kama kaseti zote zinacheza isipokuwa Castlevania III, usisugue tena. Gemu hiyo ya mwaka 1989 ina chipu ya ziada ndani ya kaseti: ya Japani inaitwa VRC6, na toleo la Marekani linatumia MMC5. Mashine nyingi za kuiga hazielewani na MMC5 hata uisafishe vipi. Ikiwa una ya Kijapani na inacheza lakini muziki umepwaya, huenda mashine yako haikuunganisha nyaya za sauti zinazotoka kwenye kaseti. VRC6 huongeza njia tatu za sauti, na zikikosekana unasikia wimbo uliobaki mifupa. Hapo hakuna cha kutengeneza isipokuwa kutafuta mashine nyingine.

Picha inapanda juu bila kutulia, au haina rangi

TV za hapa zilijengwa kwa PAL, picha 50 kwa sekunde. Mashine ya Marekani au Japani ni NTSC, picha 60. TV ya zamani yenye kisogo inaweza kushindwa kushika mapigo hayo, picha ikawa inakimbia, au ikashika mapigo lakini isitambue rangi. TV mpya nyingi hukubali yote mawili. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa rangi na uuweke kwenye otomatiki.

Kinyume chake nacho kipo: gemu inacheza vizuri ila kila kitu ni kizito, na muziki umelegea. Gemu iliyoandikwa kwa picha 60 ikichezwa kwenye mashine ya 50 bila kurekebishwa hupoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi yake. Padi yako haina kosa.

Wengine wanadhani tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, mashine inayotumia tundu la antena haina kazi tena. Kilichozimwa ni mitambo ya kurusha. Kipokezi cha analogi bado kimo ndani ya TV nyingi. Ingia kwenye kutafuta stesheni za analogi, washa mashine kwanza, kisha acha TV ipekue VHF hadi UHF. Usipitishie kisimbuzi, hicho hakijui lolote kuhusu mawimbi hayo. Kama mashine ina matundu ya njano na nyekundu au nyeupe, achana na antena kabisa.

Nabonyeza sasa, anaruka baadaye

TV bapa huipokea picha, huipamba, ndipo ikuonyeshe. Huo upambaji unachukua muda, na katika gemu ambayo kuruka kumepimwa kwa nukta, umeshachelewa. Washa hali ya gemu kwenye menyu, zima vilainisha-picha vyote. Ikiwa bado, tafuta TV ya kisogo. Watu wanazitoa kwa bei ya kutupa, na kwa gemu hizi ndizo TV zilizokusudiwa.

Maadui wanapepesa na kupotea

NES inaweza kuchora vitu vinavyotembea 8 tu katika mstari mmoja wa skrini, na 64 kwa jumla. Vikizidi, gemu huvionyesha kwa zamu. Ni kawaida. Kitu kimoja cha kuangalia: Simon akiumizwa hupepesa kwa muda, na TV bapa zinazodhani picha hii ni ya aina nyingine huweza kumfanya atoweke kabisa au aonekane amekatwakatwa kwa mistari. Hilo nalo hupungua ukizima mapambo ya picha.

Nimekusanya mioyo mingi lakini damu haipandi

Sasa tumeingia ndani ya ngome. Katika Castlevania ya kwanza mioyo si uhai, ni risasi. Kila ukibonyeza juu pamoja na B unatumia silaha ya pili na moyo mmoja unakatwa. Saa ya kusimamisha maadui inakula mitano. Kinachorudisha damu ni nyama iliyofichwa ndani ya kuta, kwa hiyo chapa mjeledi ukuta wowote unaoutilia shaka.

Malalamiko mengine hapohapo. *Silaha yangu imebadilika yenyewe*: umeokota nyingine, na ya zamani hutoka. *Mjeledi umefupika*: umekufa, na unarudi na ule wa ngozi mpaka upate tena nguvu kwenye mishumaa. *Nikiwa ngazini nataka kuchapa, anarusha kisu*: unashika juu ili upande huku ukibonyeza B, na gemu inasoma hilo kama amri ya silaha ya pili. Simama kwanza, achia juu, ndipo uchape. *Damu inaisha haraka kuliko mwanzo*: ni kweli, maadui wa mwishoni huuma zaidi. Mstari wako una vipande 16, na kwenye hatua za mwisho mapigo manne yanatosha kukumaliza.

Anatumbukia kwenye ngazi au shimoni bila sababu

Sababu ipo. Ili ushuke ngazi lazima ubonyeze chini ukiwa mwanzoni mwake. Ukitembea tu unapita hewani. Huwezi kuruka ukiwa ngazini. Fort Jesus, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593, unaweza kuruka ngazi zake utakavyo mpaka mlinzi akukemee. Ya Dracula haina ruhusa hiyo.

Na ukishaacha ardhi huwezi kugeuza mwelekeo: mruko umeamuliwa kabla mguu haujanyanyuka. Ukiguswa hewani unarushwa nyuma, na watengenezaji walijua kabisa nyuma yako kuna shimo. Vichwa vya Medusa huja kwa kupanda na kushuka kama wimbi, kwa mwendo uleule kila mara. Usikimbie mbele yao. Simama, hesabu mpigo, piga kinapofika usawa wa kifua.

Mahali pa kukwama zaidi ni ule ukumbi kabla ya kumfikia adui mkubwa aitwaye Mauti, penye askari wa deraya wanaorusha mashoka huku vichwa vya Medusa vikimiminika. Dawa ni maji ya baraka. Moto wake hugandisha askari palepale waliposimama, nawe unawachapa bila kujibiwa. Mauti mwenyewe hugandishwa vivyo hivyo ukimuwahi kabla mundu zake hazijajaa chumbani. Ukifika kwake umeshika kisu, kufa kwa hiari na urudi kutafuta maji kutakuokolea muda. Kuendelea baada ya kufa hakuna kikomo.

Gemu haisevu

Ya kwanza, kwenye kaseti ya NES, haisevu kabisa. Haina betri wala nenosiri. Toleo la Japani la mwaka 1986 lilikuwa kwenye diski na lilisevu, ndipo ubishi unapotokea. Stima ikipotea ukiwa mlangoni kwa Dracula, umepoteza safari nzima. Ukiwa na betri ya akiba ya kompyuta, chomeka mashine na TV hapo.

Gemu ya pili, Simon's Quest, na Castlevania III hutumia nenosiri. Kwenye III, jina ulilojiandikisha ni sehemu ya ufunguo. Ukiweka alama sahihi kwa jina tofauti, hata kwa herufi moja, inakataa. Piga picha skrini kwa simu, jina pamoja na alama.

Simon's Quest: nimefika ukingoni na hakuna njia

Gemu haijaharibika, ila imeeleza vibaya, na wanakijiji wake wanatoa vidokezo visivyosaidia mtu. Kwenye lile genge la mawe, shika kioo chekundu, piga magoti ukutani, na usubiri sekunde kadhaa bila kugusa kitu mpaka kimbunga kije kukubeba. Kwenye ziwa, fanya hivyohivyo kwa kioo cha buluu na skrini itashuka. Mwenye mashua anakupeleka palepale kila mara? Mwonyeshe moyo wa Dracula. Maduka yamefungwa? Ni usiku, subiri kuche.

Symphony of the Night: nimemshinda Richter na gemu imekwisha

Hili ndilo lililowaibia wengi nusu ya gemu. Unapanda mpaka kwenye kiti cha enzi, unampiga Richter, majina ya watengenezaji yanapita, unazima PlayStation ukiridhika. Gemu hii ya mwaka 1997 ina ngome ya pili, ileile ikiwa kichwa chini, na umefungiwa nje yake. Asilimia ya juu ya ramani ni 200.6, ukiona yako iko chini ya mia, ujue.

Rudi kwenye sevu yako ya kabla ya pambano, kisha uende hivi. Milango ya buluu hufunguka kwa kito anachouza mzee wa maktaba kwa 500. Pete ya dhahabu iko kwenye mapango ya chini, baada ya kumshinda adui aitwaye Succubus. Ya fedha iko kwenye kanisa la ngome, nyuma ya miiba, na ya kuvunja miiba hiyo ni deraya iliyo makaburini, ndani ya chumba cha giza totoro. Giza hilo halivukiki kwa kubahatisha: unahitaji mwangwi wa popo kutoka makazi ya Olrox. Vaa pete zote mbili. Maandishi yake yanataja saa na mnara, na wengi hukimbilia mnara wa saa na kuzunguka bure. Chumba chenyewe ni kile cha saa kubwa katikati ya Marble Gallery. Sakafu itafunguka, shuka, na msichana Maria atakupa miwani.

Ivae kabla ya kumkabili Richter, kuibeba mfukoni hakutoshi. Utaona tufe la kijani likimzunguka. Piga tufe, mwache Richter: yeye ni mtu mwema, tufe ndilo linalomtawala. Bibi zetu walitutisha na mumiani, wanaokunywa damu usiku, lakini hata mumiani hawakuwa na hila ya kumtuma mtu mwema awafanyie kazi.

Inaganda ukivuka kutoka eneo moja kwenda jingine

Kwenye Symphony kuna vijumba kati ya maeneo. Hapo ndipo gemu husoma diski. Ikiganda kwenye vijumba hivyo tu, shida ni lenzi au CD, si gemu. Anza na CD: futa kutoka katikati kwenda nje kwa kitambaa laini, usizungushe. Kisha lenzi, kijiti cha pamba na tone la isopropili. PlayStation za mwanzo zina reli ya plastiki ambayo huliwa na joto na matumizi, lenzi ikainama. Ndiyo maana watu huzicheza zikiwa zimelazwa ubavu au kupinduliwa. Inafanya kazi kwa muda. Kwa joto la kaskazi ipe nafasi ya kupumua pande zote, usiiweke juu ya kisimbuzi wala ndani ya droo, na ukiona imeanza hivyo, sevu kila ukipita chumba cha kusevia.

Sioni kitu kwenye kimashine cha mkononi

Circle of the Moon, gemu nyingine ya Castlevania ya mwaka 2001, ni nyeusi mno kwa Game Boy Advance ya kwanza, ambayo skrini yake haina taa. Tafuta Game Boy Advance SP, iliyotoka mwaka 2003 na taa yake, au cheza karibu na dirisha.

Kwenye simu vidole vinateleza

Symphony ipo kwenye Android na iOS tangu 2020, na padi ya bluetuthi hukubalika. Bila padi, kuruka na kuchapa kunawezekana, lakini zile mbinu za kuzungusha mshale zitakutoa jasho, hasa adhuhuri ya hapa kwetu kioo kikiwa kimeloa. Futa kioo, futa vidole, na ukishindwa tumia upanga tu: gemu nzima inamalizika bila mbinu hizo.